Jina Langu Sikudhani

Wakala wa pale Barabara ya Nane, Ngamiani,
aliniuliza jina, aliandike daftarini.
"Sikudhani," nikasema.
"Mama, najua hukudhani. Hakuna anayedhani.
Nauliza jina."

Foleni nyuma yangu ikaangua kicheko.
Nami nikacheka, maana kilio
nilikwisha kukimaliza njiani,
toka Makorora kwa miguu.

Ilikuja saa tano asubuhi, nina pini mdomoni,
napinda sketi ya shule ya binti yake Shekuwe.
Kistari cha buluu chini ya bendera:
ruzuku ya mafundi wanawake,
mwisho leo, bofya hapa.

Mwisho leo.
Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonishika mkono,
wala si ruzuku.
Aliyezoea kuchelewa
hukimbia hata akiitwa na shimo.

Kidole changu cha kushonea nakivika subana,
sindano isikitoboe.
Kilichobofya kilikuwa kitupu.

Ukurasa ukafunguka, kijani, nadhifu, nembo juu,
ukanihoji kwa adabu kama mshenga:
jina la ukoo,
namba ya simu,
kisha, sauti chini kidogo,
namba ya siri.
Nikaitoa.
Namba ambayo Mhina, mume wangu wa miaka kumi na tisa,
haijui mpaka leo.

Simu ikalia mara moja tu.
Laki sita na sitini elfu,
upatu wa wanawake kumi na mmoja,
zamu ya Bi Chausiku, aliyekuwa anangoja mabati.

Sasa weka mkasi chini, Mwanakheri, unisikilize.
Kanga huuzwa kwa jina lake,
lakini nani kati yetu hununua jina?
Tunaivuta pindo. Tunalowesha kidole mate,
tunasugua ukingo, tuone kama rangi inakimbia.
Tunaigeuza.

Basi hata hicho kistari cha buluu kina upande wa ndani.
Kibonyeze ukishikilie, usikiachie,
kikuonyeshe kinakokwenda
kabla hujakwenda nacho.
Kisome herufi kwa herufi
kama unahesabu mishono ya mteja mkorofi.
Kile changu kilikuwa na l mbili
pale serikali inapoandika moja.
Herufi moja, nyembamba kama uzi,
ndimo yalimopita mabati yote ya Bi Chausiku.

Na aliyekutumia ukimtilia shaka,
usimuulize mlemle alimokutumia.
Mpigie. Sikia pumzi yake.

Juzi dada yangu wa Pongwe kaniletea kimoja.
Jina lake, picha yake, mtandio wake wa zambarau.
"Hebu tazama hii, mpendwa."
Mpendwa!
Tangu nizaliwe Mwanjaa hajaniita mpendwa.
Huniita Kipini,
kwa kuwa nikiwa na miaka minne nilimeza cha mama
na nyumba nzima ikakaa siku mbili
ikingoja kitoke.

Nikampigia. Nikasikia mafuta yakichemka.
"Mimi? Sijakutumia kitu, Kipini.
Simu yangu tangu alfajiri inanikataa,
inasema nenosiri si langu."
Na mkono wangu, nakuambia ukweli,
mkono wangu ulikuwa umeshasogea tayari,
kidole kiko juu ya buluu kama kuku juu ya punje.
Mkono haufunzwi mara moja.

Wamebaki wanne wanaonidai.
Watatu nawalipa kwa sare,
sketi mbili, shati moja, shule zikifunguliwa.
Wakala nikipita ananiita kwa mbali,
"Hukudhani, hujambo?"
Sijambo.

Bi Chausiku hataki sare. Hagombi, hasemi,
salamu yangu anaipokea yote.
Ila vuli imeingia,
na ikinyesha usiku juu ya bati langu
nashuka kitandani, nawasha taa,
nashona.